Nyuma ya Hundi: Kesi ya Tasini na Kazi ya Mwandishi wa Kujitegemea

Desemba 1993, waandishi sita wa kujitegemea walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini New York dhidi ya New York Times, gazeti la Newsday na kampuni ya Time, wachapishaji wa Sports Illustrated. Hawakudai kwamba walidhulumiwa malipo yao. Walilipwa. Makala zao 21, zilizotoka kati ya 1990 na 1993, zilichapishwa kama walivyoelewana, na kila mtu akashika njia yake. Shauri lilihusu yaliyofuata. Magazeti yalizipeleka makala zile zile kwenye kanzidata ya LEXIS/NEXIS, ambako mawakili, watafiti na makampuni walilipia kuzisoma, na kwenye diski za CD-ROM zilizouzwa kwa maktaba. Waandishi hawakuombwa ruhusa, na katika mauzo hayo hawakuona hata senti.

Kesi hii, New York Times dhidi ya Tasini, ndiyo ninayompa asome yeyote anayeingia kwenye kazi ya kuandika kwa mkataba, kabla sijamwambia lolote kuhusu bei, kutafuta wateja au kutuma ankara. Humo utamkuta mwandishi akishinda kila kinachoweza kushindwa mahakamani, kisha akakuta mezani mkataba mgumu kuliko ule aliougombania. Ukishaelewa hilo lilitokeaje, unajua pa kukaza na pa kulegeza ukikaa na mteja.

Simu, karatasi na hundi

Jonathan Tasini, ambaye kesi imebeba jina lake, alikuwa rais wa chama cha National Writers Union. Yeye, Margot Mifflin na Mary Kay Blakely waliiandikia New York Times makala 12. Newsday ilipokea nane kutoka kwa Tasini, Barbara Garson, Sonia Jaffe Robbins na David Whitford. Whitford alikuwa pia na moja kwenye Sports Illustrated.

Soma jinsi kazi hizo zilivyoagizwa, utadhani unasoma barua pepe zako mwenyewe. New York Times haikuwa na mkataba wa maandishi na waandishi hawa. Wakielewana na mhariri kwa mdomo juu ya mada, urefu, tarehe na malipo, basi, kazi imeanza. Kompyuta haikutajwa. Sports Illustrated walikuwa na karatasi, na karatasi hiyo iliipa Time haki ya kuwa wa kwanza kuchapisha. Newsday ndio waliokuwa na mtindo wa kijanja zaidi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, ila hundi ya malipo ilikuja na maandishi mgongoni, pale pale mwandishi anapotia sahihi ili benki impe pesa zake. Yalisema kwamba anayeipokea anaikubali kuwa malipo kamili ya haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, na pia ya haki ya kuiingiza kazi yake katika hifadhi za maktaba za kielektroniki.

Hebu jiweke mahali pa mtu huyo. Kazi ameshaifanya, makala imeshatoka, kodi ya nyumba inadaiwa. Anageuza hundi asaini, na ndipo anapokutana na sharti ambalo siku ya kuagizwa kazi halikuwepo. Akilifuta kwa kalamu, maandishi yenyewe yanamwonya kuwa hundi itabatilika. Nani atairudisha?

Sonia Sotomayor, wakati huo jaji wa mahakama ya wilaya, alizikataa hoja zote mbili za wachapishaji zilizoegemea karatasi hizi. Haki ya kuwa wa kwanza kuchapisha inakwisha makala ikishatoka. Ile ya Sports Illustrated iliingia NEXIS baada ya jarida kusomwa mitaani, kwa hiyo huko hapakuwa tena na cha kwanza. Maandishi ya nyuma ya hundi nayo hayakuweza kubeba mzigo yaliyotwikwa. Neno "hifadhi" halikumaanisha wazi kanzidata ya kibiashara ya kampuni nyingine, tena Newsday ilikuwa ikizipeleka makala huko hata kabla hundi haijasainiwa.

Sehemu hii ya hukumu haitajwi sana, maana kesi ilipanda juu kwa swali jingine. Kwa mtu anayeishi kwa ankara, naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Siku hizi hundi zimepungua lakini mgongo wake bado upo. Utaukuta kwenye LPO, hati ya mteja ya kuagiza kazi, inayotumwa baada ya rasimu ya tatu, na ukurasa wake wa pili wa herufi ndogo. Utaukuta kwenye fomu ya kusajiliwa kama msambazaji, ile ambayo wahasibu wanasema bila hiyo mfumo hautoi malipo. Dada mmoja anayeanza kazi hii aliniandikia: "Kaka, fomu ya wahasibu ina kipengele cha haki zote. Si ni ya malipo tu hii?" Nilimwambia atazame tarehe mbili, ya kupeleka kazi na ya kuletewa fomu, kisha amwandikie mteja mistari miwili ya adabu: najaza fomu hii kwa ajili ya malipo, na makubaliano yetu ya matumizi ni yale tuliyoandikiana mwanzo. Mteja akajibu "Sawa" na pesa zikaingia. Si wote watajibu hivyo, lakini wengi wao hawajui hata fomu yao inasema nini. Waliirithi kutoka kwa wakili wa kampuni mama.

Msomaji anaona nini

Baada ya kuwapokonya wachapishaji hoja za karatasi, Sotomayor aliwapa ushindi mwaka 1997 kwa mlango mwingine. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inasema kwamba pasipo hati ya kuhamisha haki, mwenye gazeti anapata ruhusa moja tu: kuichapisha makala kama sehemu ya toleo lile, au ya marekebisho ya toleo lile, au ya toleo la baadaye katika mfululizo uleule. Sotomayor aliona kanzidata ni marekebisho ya toleo. Mahakama ya rufani ikaupindua uamuzi huo mwaka 1999. Tarehe 25 Juni 2001 Mahakama ya Juu ikamaliza kazi: kura 7 kwa 2, waandishi wako sahihi.

Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, na namna alivyoliuliza swali inamhusu kila anayepanga maudhui kwa riziki yake. Hakujishughulisha sana na jinsi mashine inavyohifadhi faili. Aliuliza kile kinachomfikia msomaji. Mtu anatafuta kwenye NEXIS, makala inamjia peke yake: jina la gazeti, tarehe, namba ya ukurasa, kichwa, jina la mwandishi, kisha maandishi matupu. Picha hakuna. Tangazo hakuna. Makala jirani hakuna. Wachapishaji wakauliza, mbona mikrofilamu za maktaba, zile filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa za gazeti, hazijawahi kuleta ugomvi? Jibu lake: kwenye mikrofilamu ukurasa mzima upo, msomaji anakuza kipande anachotaka lakini toleo liko mbele yake.

Kisha akaichora maktaba ya kufikirika. Haina gazeti hata moja lililo zima. Ina chumba cha majalada yenye nakala za makala moja moja kutoka matoleo chungu nzima, na mkutubi mwenye kasi isiyo ya kibinadamu anayezama humo na kurudi na kila kinachofanana na ulichoomba. Nani ataliita jengo hilo marekebisho ya gazeti la jana? Mahakama ya Juu ya Kanada ilipokutana na kesi ya aina hiyo mwaka 2006, ile ya Heather Robertson na gazeti la Globe and Mail, ilifika karibu na hapo hapo, ingawa iliziachia diski za CD-ROM kwa kuwa kila toleo la siku lilibaki limeshikamana humo.

Majaji wawili, Stevens na Breyer, hawakukubaliana na wenzao. Hofu yao, waliyoichukua pia kwa mtengeneza filamu Ken Burns na wanahistoria waliowaunga mkono wachapishaji, ilikuwa kwamba magazeti yatafuta makala na historia ibaki na matundu. Ginsburg alijibu kwamba madhara ya kubashiri si sababu ya kupunguza haki ambazo Bunge limewapa waandishi, na kwamba pande mbili zinaweza kukaa na kuelewana juu ya malipo, kama wanamuziki wa nchi hiyo wanavyofanya kupitia vyama vyao vya kukusanya mirabaha.

Matundu yakatokea kweli

New York Times haikuanza kwa kukaa mezani. Ilitangaza kwamba itaondoa kwenye kanzidata takriban makala 115,000 za waandishi wa kujitegemea wapatao 27,000, za kati ya 1980 na 1995. Mwandishi aliyetaka kazi yake ibaki alielekezwa kukubali irudishwe bila malipo.

Chagua basi: uonekane bure au usionekane kabisa. Kwa mwandishi asiye na mshahara, kuonekana ni sehemu ya mtaji. Mhariri anayemtafuta anamtafuta kwa kazi zake za zamani. Zikifutwa, wasifu wake unabaki na viungo vilivyokufa. Wachapishaji walilijua hilo. Mimi nadhani hapa ndipo kesi ilipoonyesha meno yake ya kweli, kwa sababu haki uliyopewa na mahakama ni haki ya kukataza, na anayehitaji kuonekana hawezi kuitumia bila kujiumiza mwenyewe.

Kwa nini orodha iliishia 1995? Kwa sababu kufikia hapo gazeti lilikuwa limeshabadilisha mkataba. Kesi ikiwa bado changa, miaka sita kabla ya hukumu ya mwisho, wachapishaji wakubwa walianza kuwaletea waandishi wa kujitegemea karatasi za kusaini kabla ya kazi: haki zote, katika njia zote zilizopo sasa na zitakazobuniwa baadaye, duniani kote. Nyingine ziliiita kazi ya mwandishi kazi iliyofanywa kwa ajira, maneno ambayo katika sheria ya Marekani yanamfanya mchapishaji ahesabiwe kuwa ndiye mtunzi tangu mwanzo. Kwa kawaida nyongeza ya malipo haikuwemo. Asiyesaini hapewi kazi.

Kwa hiyo ushindi wa 2001 uliangukia makala za nyuma. Za mbele zilikuwa zimeshafungiwa mlango. Kipengele hicho cha "zitakazobuniwa baadaye" ndicho hicho hicho kinachoingia leo kwenye barua pepe zetu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kimenakiliwa neno kwa neno, wakati mwingine na mteja ambaye anataka tu makala ya maneno 800 kuhusu bima ya gari.

A, B na C

Kesi ya Tasini ilisema haki ni ya nani. Haikusema nani alipwe kiasi gani. Hilo liliachiwa kesi za pamoja zilizofunguliwa kwa niaba ya maelfu ya waandishi dhidi ya magazeti na wenye kanzidata. Mwaka 2005 walikubaliana: jumla isizidi dola milioni 18. Lakini mgao ulitegemea jambo ambalo wengi hawakuwahi kulifikiria walipokuwa wakiandika.

Nchini Marekani hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, ila ukitaka fidia ile nzito inayowekwa na sheria, sharti uwe umeisajili kazi mapema kwenye ofisi ya hakimiliki. Waandishi sita wa kesi ya Tasini walikuwa wamesajili makala zao. Wengine wachache walifanya hivyo pia. Waliosajili mapema waliwekwa kundi A, na wangepata dola 1,500 kwa kila moja ya makala 15 za kwanza walizoliandikia gazeti moja. Waliosajili wakiwa wamechelewa, kundi B. Ambao hawakusajili kabisa, kundi C, na humo malipo ya makala moja yangeweza kushuka hadi dola 5. Kundi C lilikuwa na zaidi ya asilimia 99 ya madai yote. Na mapatano yalisema kwamba pesa zikipungua, kundi C ndilo litakalokatwa kwanza.

Mwandishi aitwaye Irvin Muchnick na wenzake wakapinga. Mahakama ya rufani ikasema mwaka 2007 kwamba haikuwa na uwezo hata wa kuidhinisha mapatano yanayogusa kazi zisizosajiliwa. Mahakama ya Juu ikakataa hoja hiyo mwaka 2010, na Sotomayor, aliyekuwa ameshapanda hadi benchi hilo, hakushiriki. Shauri likarudi chini, na mwaka 2011 mapatano yakavunjwa kwa sababu kundi C halikuwa na mtu wa kulisemea peke yake. Mapya yakaandikwa. Waandishi walianza kupokea hundi zao mwaka 2018, zaidi ya dola milioni 9 kwa jumla, kwa kazi ambazo nyingine zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30. Kuna waliokwisha kufariki.

Ninapoulizwa kama inafaa kumshtaki mteja, huwa nataja mwaka huo. Tena hawa walikuwa na chama nyuma yao.

Miaka ikapita, na tarehe 27 Desemba 2023 New York Times wakaingia katika mahakama ile ile ya wilaya ya kusini mwa New York, safari hii wakiwa walalamikaji, wakidai kwamba OpenAI na Microsoft walitumia makala zao kufunza mifumo ya akili unde bila ruhusa wala malipo. Nayasoma madai yao nikiwa upande wao, sina haja ya kuficha. Lakini hoja ya kwamba kazi iliyolipiwa matumizi moja haiwezi kubebwa kimya kimya hadi kwenye mashine mpya ni hoja ya Tasini, na gazeti hilo lilitumia zaidi ya miaka saba kuipinga. Mwandishi wa nje aliyesaini "haki zote" baada ya 1995 hana kiti katika kesi hii mpya. Alikiuza pamoja na makala.

Ukikaa upande wa pili wa meza

Wengi wetu hatuandiki tu. Wiki mbili unaandika, ya tatu umeajiriwa kwa muda kupanga maudhui ya shirika: kukagua yaliyopo, kuamua kipi kibaki, kipi kihamie tovuti mpya, kipi kigeuzwe kitabu kidogo cha PDF au mfululizo wa video. Katika kazi hiyo wewe si Tasini tena. Wewe ndiye unayepeleka makala NEXIS.

Maana ukiitazama kesi kwa macho ya mpangaji wa maudhui, walichofanya wachapishaji ni kuhamisha maudhui kwenye jukwaa jipya bila kukagua haki. Walikagua muundo wa faili: kila makala ilitenganishwa, ikawekewa alama zake, ikatumwa. Hakuna aliyeongeza safu moja inayouliza, "Hii tuliinunua kwa matumizi gani?"

Safu hiyo naiweka kwenye kila jedwali la Excel la ukaguzi wa maudhui, kabla ya safu za idadi ya wasomaji na maneno ya utafutaji. Nani aliandika, mfanyakazi au mtu wa nje? Mkataba upo? Picha ni za nani? Utashangaa. Shirika lenye makala 400 za miaka kumi huwa halina karatasi za nusu yake, na za picha ndiyo usiulize. Meneja atakuambia, "Tulilipa, kwa hiyo ni zetu." Hapo unamweleza taratibu, pengine kwa kumsimulia kisa hiki, kwamba ni nafuu kumtafuta mwandishi leo na kumwandikia kuliko kusubiri atokee siku kitabu kinazinduliwa. Na ukimtafuta, mlipe kitu. Nimeona waandishi wakikubali kiasi kidogo kwa furaha kwa sababu tu wameulizwa.

Nairobi si New York

Sasa jambo linalofanya kisa hiki kuwa hatari kukinakili kama kilivyo. Ushindi wa Tasini ulisimama juu ya kanuni ya Marekani kwamba makala iliyoagizwa na gazeti kwa mtu wa nje inabaki ya mwandishi mpaka atie sahihi ya kuihamisha. Kimya kilikuwa upande wake. Makubaliano ya mdomo ambayo hayakutaja kompyuta yalimsaidia yeye.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaanza vivyo hivyo, kwamba haki huzaliwa mikononi mwa mtunzi. Halafu kifungu cha 31 kinaongeza: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Yaani hapa kimya kiko upande wa mteja. Mary Kay Blakely angeagizwa makala ile ile kwa simu ile ile na gazeti la Nairobi, bila karatasi yoyote, angeanza akiwa amekwisha kushindwa. (Msomaji wa Dar es Salaam asikichukue kifungu hiki kuwa chake, anayo sheria yake ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999, aisome hiyo.)

Ndiyo maana yule dada wa fomu ya wahasibu aliokoka: kabla ya kuandika neno la kwanza alikuwa ametuma barua pepe inayosema matumizi ni yapi, na mteja akajibu kwa kukubali. Bila barua hiyo fomu isingekuwa na cha kumpokonya. Kingekuwa kimeshaondoka chenyewe.

Si kila kazi inastahili ugomvi huu. Maelezo ya bidhaa, hotuba ya mkurugenzi, maneno ya tangazo la redio, taarifa kwa vyombo vya habari: hizo naziachia zote, kwa bei yake, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayezitaka tena. Kazi ninazozishikilia ni zile zenye maisha ya pili. Masimulizi marefu, miongozo ya mafunzo, mahojiano niliyosafiri kuyapata, mfululizo unaoweza kuwa kitabu. Hizo mteja anayezitaka kabisa kabisa anapewa bei mbili kwenye nukuu moja (karatasi ya bei ninayompa mteja kabla ya kazi), ya kutumia na ya kumiliki, na ya pili ni kubwa mara tatu. Wengi wakiona hivyo wanagundua kwamba walichohitaji ni kutumia.

Maneno ninayoyaweka kwenye nukuu, chini ya bei na juu ya tarehe ya kulipa, ni haya: "Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwa mwandishi. Mteja anapewa kibali cha kuitumia kwenye tovuti yake na kurasa zake za mitandao ya kijamii kwa miaka miwili, kuanzia siku ankara itakapolipwa yote. Matumizi mengine, ikiwemo tafsiri, kitabu, tangazo la kulipia na kufunza mifumo ya akili unde, yataafikiwa na kulipiwa kando." Sentensi ya katikati ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko inavyoonekana. Mteja aliyechapisha kabla ya kulipa hana kibali, na barua ya kumkumbusha deni inapotaja hilo badala ya kutaja shida zako, huwa inapelekwa kwa wakili wake badala ya kulala kwa mhasibu. Wakili anajua maana yake.

Kuna wateja watakaokifuta kipengele chote na kurudisha nukuu. Mashirika makubwa hufanya hivyo, na hapo unaamua kwa kuangalia kazi yenyewe na hali ya mfuko wako mwezi huo. Nimewahi kusaini "haki zote" kwa kazi nzuri na sikujuta, kwa kuwa bei ilikuwa ya kumiliki. Nisichosaini ni haki zote kwa bei ya kutumia, na hilo nalisema kwenye simu ya kwanza, kabla mhariri hajanitajia tarehe.